Jinsi ya kujenga imani kati ya ofisi za serikali na mashirika ya mtaani Lubumbashi: mwongozo kamili

Mvua za Lubumbashi huanza kwa kusitasita mwezi wa Oktoba, na kufikia Desemba mitaro mingi ya komini (maeneo ya utawala ya jiji) za Katuba, Kenya na Kampemba imejaa mifuko ya plastiki, tope na takataka za soko. Komini inajua. Shirika la mtaani linajua. Kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake hana: komini ina mamlaka na, siku nyingine, gari, shirika lina vijana wenye mabeleshi na akina mama wanaofunguliwa kila mlango wa avenyu. Mtaro unabaki umeziba kwa sababu hao wawili hawaaminiani.

Tuhuma zenyewe tunazijua sote. Ofisini husemwa kwamba mashirika mengi ni ONG (mashirika yasiyo ya serikali) za mfukoni: mtu mmoja, muhuri mmoja na mkoba mmoja, anakula pesa ya wafadhili kwa jina la maskini. Husemwa pia kwamba rais wa shirika anajitafutia kura. Mtaani nako husemwa kwamba mtu wa serikali haji ila kwa kodi au kwa bahasha. Uzito wa jambo hili ni kwamba kila upande una mifano ya kweli ya kutaja, kwa hiyo hotuba ya umoja haimtoi mtu kwenye msimamo wake. Ninavyoona mimi, imani huzaliwa pale mtu alipoahidi kitu kidogo chenye tarehe, tarehe ikafika, na kitu kikawepo. Mwongozo huu wote unafuata njia hiyo: karatasi safi, kazi ndogo, pesa inayoonekana, na kumbukumbu zinazobaki hata watu wakibadilika.

Kuna jambo la historia ambalo mgeni hataliona mara moja. Katika mji huu, kwa miaka mingi, kampuni ya madini ya Union Minière na baadaye Gécamines ndizo zilizokuwa serikali ya mfanyakazi: nyumba, shule, hospitali, hata unga wa mwezi ulitoka kwa kampuni. Kampuni ilipoanguka miaka ya 1990, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipoachishwa kwa mpango wa mwaka 2003, kilichopotea hakikuwa mshahara peke yake. Watu walipoteza mahali pa kupeleka shida. Ndiyo maana hadi leo ukiita mkutano wa kartie, yaani mtaa, wengi huja wakitazama nani ataleta nini. Ofisi inaogopa matarajio hayo, shirika nalo linayaogopa, na kila mmoja huyasukuma kwa mwenzake. Kumbuka hilo kabla hujamhukumu mtu yeyote kati yao.

Hatua ya 1: Jueni mnagonga mlango gani

Jiji lina komini 7: Lubumbashi, Kenya, Kamalondo, Kampemba, Katuba, Ruashi na Annexe. Chini ya komini kuna kartie na shefu wake. Juu yake kuna meya wa jiji, kisha serikali ya jimbo la Haut-Katanga. Pembeni kuna idara za wizara: afya, mambo ya kijamii, mazingira, mipango. Kosa linaloonekana sana ni kumwandikia gavana jambo ambalo shefu wa kartie angelimaliza kabla ya saa sita mchana. Barua inazunguka miezi, na shefu aliyerukwa hasahau.

Andikeni tatizo moja juu ya ukurasa, kisha tafuteni watu watatu: anayeamua, anayetia sahihi, na anayeifanya kazi yenyewe. Kwa mtaro uliojaa, anayeamua ni burgumestri, yaani mkuu wa komini, lakini anayejua mtaro unaanzia wapi na unamwaga wapi ni fundi wa usafi wa komini. Mtu huyo mara nyingi hana kiti wala kalamu, na ndiye atakayeifanya kazi iende au ikwame. Kwa kipindupindu, mlango ni muuguzi mkuu wa kituo cha afya, kamati ya maendeleo ya eneo la afya ambayo wengi huiita CODESA, kisha daktari mkuu wa zoni ya afya. Kwa kisima au bomba la kartie, msiishie REGIDESO, kampuni ya maji ya serikali: sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 iliwapa majimbo na komini sehemu ya wajibu wa huduma hiyo, kwa hiyo mna haki ya kuuliza komini ina mpango gani.

Shefu wa kartie apitiwe wa kwanza hata kama barua inaenda mbele. Yeye ndiye anayejua nani amehamia na nani amefiwa, na mkimpita ataulizwa na wakubwa wake juu yenu, naye atajibu kwamba hawajui.

Hatua ya 2: Karatasi zenu kwanza

Hakuna njia fupi hapa. Mashirika yasiyo ya faida yanaongozwa na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Shirika liwe na wanachama kamili wasiopungua 7, liwe na katiba, na hadhi yake kisheria hutolewa na Waziri wa Sheria baada ya maoni mazuri ya wizara inayohusika na kazi yenu. Wakati mnasubiri, maoni hayo mazuri yanahesabiwa kuwa ruhusa ya muda ya kufanya kazi, kwa miezi 6. Wengi hawajui sehemu hii, na hukaa wakidhani hawawezi kugusa chochote hadi karatasi itoke Kinshasa. Wengine hufanya kinyume, wanatembea na ruhusa ya muda iliyokufa miaka mitatu iliyopita.

Tengenezeni dosie moja nyembamba ambayo mtu mwingine anaweza kuisoma kwa dakika kumi: katiba, kanuni za ndani, orodha ya viongozi na simu zao, karatasi ya ruhusa mliyonayo, muhtasari wa mkutano mkuu wa mwisho, na ukurasa mmoja wa pesa iliyoingia na iliyotoka mwaka uliopita. Huo wa mwisho ndio mgumu, na ndio unaowatofautisha na ONG ya mfukoni. Kama mwaka jana mlikusanya michango midogo tu, andikeni hiyo hiyo. Ukurasa wenye pesa kidogo na jumla sahihi una nguvu kuliko kabrasha la rangi.

Kama shirika lenu bado ni likelemba (kikundi cha kuchangishana pesa kwa zamu) ya akina mama au kikundi cha vijana kisichoandikishwa, msijiite ONG. Jiiteni mlivyo. Ofisi inaweza kufanya kazi na kikundi cha avenyu; haiwezi kumwamini mtu aliyejipa jina lisilo lake.

Hatua ya 3: Barua, kisha ziara isiyoomba kitu

Katiba ya nchi ya tarehe 18 Februari 2006 ina kifungu ambacho kila shirika lingekikariri. Kifungu cha 37 kinasema serikali inashirikiana na mashirika yanayochangia maendeleo ya wananchi, na kwamba ushirikiano huo unaweza hata kuwa wa ruzuku. Msikitaje kama tishio. Kiwekeni kwenye barua, mstari mmoja tu, ili mpokeaji ajue kwamba kuwapokea si upendeleo anaoutoa wala hatari anayojiingiza.

Barua yenyewe iwe fupi. Kwa mfano:

"Kwa Mheshimiwa Burgumestri wa Komini ya Katuba. Jambo: kuomba kuonana nawe. Mheshimiwa, sisi ni shirika la wakazi wa kartie yetu, tunafanya kazi ya usafi wa mitaro tangu miaka miwili. Tunaomba dakika 30 za muda wako ili tujitambulishe, tukuonyeshe tuliyoyafanya, na tusikie komini ina mpango gani kwa msimu wa mvua unaokuja. Hatuombi pesa. Tutakuja watu watatu. Nakala: shefu wa kartie."

Pelekeni nakala mbili. Moja inabaki, nyingine inapigwa muhuri wa mapokezi, tarehe na sahihi, nanyi mnarudi nayo. Karani akisema muhuri hauna haja, mwombeni kwa upole, mngojeeni amalize kazi yake, lakini msiondoke bila nao. Nakala hiyo itawalinda nyinyi, na itamlinda pia karani siku bosi atakapouliza barua iko wapi.

Siku ya ziara nendeni watatu: rais, mwenye kushika pesa, na mkazi mmoja anayeheshimika asiye kiongozi, hasa mama mtu mzima wa avenyu yenyewe. Uwepo wake unabadilisha hewa ya chumba. Akisema, "Papa burgumestri, maji yaliingia hadi kwenye kitanda cha wajukuu wangu," hakuna takwimu itakayoongeza kitu. Mwacheni aseme kwanza. Kisha mwulizeni mwenyeji wenu swali ambalo watu wachache humuuliza: "Mheshimiwa, katika kartie yetu, ni jambo gani linakusumbua wewe?" Nyamazeni, andikeni. Anaweza kuwaambia gari halina tairi, au wafanyakazi wa usafi wana miezi bila malipo, au kuna mgogoro wa mpaka na komini jirani. Hayo ndiyo mnayohitaji kuyajua.

Msiombe kitu siku hiyo, hata picha ya pamoja. Picha nayo ni ombi: kesho itaonekana kwenye simu za watu wote, na yeye ataulizwa amewaahidi nini. Ndani ya siku 2 pelekeni muhtasari wa nusu ukurasa: tulikutana tarehe fulani, tulisikia haya, sisi tulisema tutafanya hili. Hapo muhtasari mmoja unaofika kwa wakati unafanya kazi kubwa, kwa sababu watu wengi huja, hula muda wa ofisi, na hawaonekani tena.

Kwa ndugu walio upande wa ofisi

Nasema nanyi pia, maana mwongozo unaofundisha upande mmoja kupiga magoti hauna haki. Mna uwezo wa kujenga imani bila hata faranga moja. Wekeni daftari la mashirika ya komini, lenye jina, kazi, kartie na simu, na lisasishwe kila Januari. Tengeni saa moja ya wiki inayojulikana, tuseme Jumatano asubuhi, ya kupokea mashirika bila mlolongo wa barua. Bandikeni ukutani orodha ya malipo yote halali ya ofisi, kiasi na risiti yake. Mkazi akiona bei ukutani, yule anayemdai zaidi kwenye korido anaishiwa maneno.

Na jibuni kwa maandishi hata jibu likiwa hapana. "Ombi lenu limesomwa, komini haina uwezo huo mwaka huu" ni barua ya mistari miwili. Shirika likiipata litakasirika siku moja, kisha litarudi na jambo lingine. Lisipopata chochote, litaamini lolote litakaloambiwa mtaani kuhusu nyinyi.

Hatua ya 4: Kazi moja, ndogo, yenye mwisho

Chagueni kazi inayoweza kuanza na kuisha ndani ya wiki chache, na inayoonekana kwa macho ya mpita njia. Kuzibua mtaro wa avenyu moja. Kuweka uzio na kibao kwenye kisima kimoja. Kuandikisha watoto waliokosa chanjo katika avenyu tano. Msianze na "mradi wa usafi wa komini nzima." Kitu kikubwa kikishindikana hamtajua nani alikosea, na kila upande utachagua jibu linaloupendeza.

Majira ni kila kitu kwa kazi ya mitaro. Kiangazi chetu kinaanza Mei na kuisha Septemba. Mazungumzo yawe Juni, kazi yenyewe Agosti au Septemba, ukaguzi kabla ya katikati ya Oktoba. Shirika linaloandika barua Januari, maji yakiwa tayari sebuleni, linamkuta burgumestri akiwa na barua nyingine hamsini za namna hiyo.

Kwa kazi ya nje yenye watu wengi, pelekeni barua ya kujulisha. Kifungu cha 26 cha Katiba kinataka waandaaji wa maandamano au mikusanyiko ya barabarani waijulishe mamlaka kwa maandishi. Watu wa mitaro si waandamanaji, lakini barua hiyo inawapa polisi wa kituo cha karibu kitu cha kuonyesha kama mtu atauliza hao vijana wenye mabeleshi ni akina nani. Mwalikeni shefu wa kartie aje afungue kazi, na mpangieni kitu cha kufanya, asije kukaa kwenye kiti cha plastiki tu. Wazee wanaikumbuka salongo ya zamani, zile kazi za pamoja za usafi, kama kazi ya kulazimishwa. Kwa hiyo elezeni mapema, nyumba kwa nyumba, kwamba anayekuja anakuja kwa hiari, na asiyekuja haandikwi popote.

Takataka zikishatolewa mtaroni, ziondoke siku hiyo hiyo. Hapa ndipo kazi nyingi za pamoja huharibika: vijana wanatoa tope Jumamosi, gari la komini halifiki, Jumanne mvua ya kwanza inalirudisha tope lote mtaroni, na wakazi wanasema wote ni wale wale. Kama gari halina uhakika, tafuteni matoroli na mahali palipokubaliwa kwa maandishi pa kumwaga, au msianze.

Hatua ya 5: Pesa, bila kuzungukazunguka

Hili ndilo linalovunja ushirikiano mwingi, kwa hiyo tukae nalo.

Kwanza, semeni ukweli kuhusu hali ya mtumishi. Wengi ofisini wanalipwa kidogo na kwa kuchelewa, na pesa ya kuendesha ofisi mara nyingi haifiki. Mtumishi anapouliza "transpori yangu iko wapi?" wakati mwingine ni tamaa, na wakati mwingine kweli alitembea kwa miguu kutoka Kampemba. Anayemjibu kwa dharau anaharibu kitu. Anayempa noti chini ya meza anaharibu zaidi, kwa sababu kesho noti hiyo ndiyo bei ya saa yake, na shirika dogo linalofuata halitaweza kuilipa.

Njia ninayoiamini ni kuandika kanuni moja kabla ya kazi, isomwe kwa sauti mkutanoni, ihusu watu wote sawa. Kwa mfano: nauli halisi ya basi hurudishwa kwa kila anayetoka nje ya kartie, awe mkazi au mtumishi, kiasi kile kile, kwa sahihi kwenye orodha. Hakuna malipo ya kukaa mkutanoni. Hakuna pesa inayopewa mtu kwa kazi ambayo tayari ni wajibu wa ofisi yake. Gari la komini likihitaji mafuta, shirika linanunua mafuta kituoni, risiti inaandikwa kwa jina la komini, na risiti hiyo inaingia kwenye taarifa. Hakuna fedha taslimu mkononi mwa mkubwa yeyote.

Kanuni hiyo itawapunguzia watu kwenye mkutano wa kwanza, na msiogope hilo. Wanaobaki ndio wa kufanya nao kazi.

Pili, bandikeni hesabu. Siyo ripoti ya kurasa 40 kwa mfadhili. Karatasi moja kwenye ukuta wa ofisi ya kartie, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Tarakimu hizi ni za kuonyesha umbo tu (FC ni faranga za Kongo):

Pesa ya mtaro wa avenyu yetu
Imeingia: michango ya wanachama FC 180.000, maduka ya avenyu FC 120.000. Jumla FC 300.000.
Imetoka: mabeleshi 6, FC 150.000; glavu jozi 20, FC 60.000, mafuta ya gari la komini lita 20, FC 60.000. Jumla FC 270.000.
Imebaki: FC 30.000, iko kwa mshika pesa.
Sahihi 3: mshika pesa, mkazi, shefu wa kartie.

Sahihi ya shefu haimaanishi ameshika pesa; inamaanisha ameona risiti. Mwelezeni hivyo, maana wengine hukataa wakidhani wanawekewa mtego, na wana haki ya kuogopa.

Tatu, pesa ya madini. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inagawa mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayochimba, hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% komini au eneo ambamo uchimbaji unafanyika, na 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Sheria hiyo hiyo inazitaka kampuni za migodi kutenga angalau 0.3% ya mapato ya mauzo yao kwa miradi ya jamii zinazozunguka mgodi. Kwa wakazi wa komini yenye uchimbaji ndani ya mipaka yake, maswali ni mepesi kuyaandika: komini ilipokea kiasi gani mwaka jana, na kilipangiwa nini?

Ushauri wangu ni kwamba msianzie hapo. Swali la mrabaha ni la haki kabisa, ila likiwa la kwanza kutoka kwa watu wasiojulikana, litasikika kama mashtaka, na milango yote itafungwa pamoja nalo. Onyesheni kwanza hesabu yenu ya FC 300.000 ukutani. Aliyefungua daftari lake mbele ya watu ana nguvu ya kumwomba mwenzake afungue lake.

Hatua ya 6: Makubaliano ya kurasa mbili

Kazi ya kwanza ikiisha vizuri, andikeni makubaliano. Kurasa mbili zinatosha. Ziseme nani anafanya nini na kwa tarehe gani. Nani anashika pesa na nani anaona risiti. Nani anazungumza na redio. Mkutano wa pamoja unafanyika lini kila mwezi. Na jambo likiharibika mnaanzia wapi. Wekeni pia kwamba makubaliano ni ya ofisi na shirika, siyo ya watu waliotia sahihi, na kwamba shirika linabaki huru kusema linapoona kosa. Ofisi ikikataa mstari huo wa mwisho, ongeeni zaidi kabla ya kutia sahihi. Shirika lililofungwa mdomo haliwezi kuiambia komini kwamba mtaro umeziba tena.

Hatua ya 7: Habari ziende kwa njia iliyokubaliwa

Mhamasishaji wa afya akiona nyumba yenye watu wawili wanaoharisha maji, simu ya kwanza iwe kwa muuguzi mkuu wa kituo, saa ile ile. WhatsApp ya kartie isubiri. Habari ya kipindupindu ikifika Facebook kabla ya kituo cha afya, daktari wa zoni anajifunza kitu kimoja juu ya shirika lenu, na itachukua muda mrefu kukifuta. Kwa upande wao, kituo na zoni nao wawarudishie habari: sampuli ilionyesha nini, klorini inakuja lini. Mtoa taarifa asiyejibiwa mara tatu hatoi ya nne.

Majina ya wagonjwa, ya wanawake waliobakwa, ya watoto waliotoroka nyumbani, hayaingii kwenye ripoti ya pamoja wala kwenye picha. Idadi na kartie vinatosha.

Hatua ya 8: Ahadi inapovunjika

Itavunjika. Gari halitakuja, barua itapotea, mtu wa shirika atachelewesha hesabu. Kabla ya kupandisha sauti, pigeni simu moja ya faragha kwa yule aliyeahidi: "Shefu, tulikubaliana Jumamosi, hatukuliona gari, kuna nini?" Mara nyingi kuna sababu, na mkiijua mapema mnaweza kuisaidia.

Jibu lisipopatikana, andikeni barua inayotaja muhtasari wa mkutano kwa tarehe yake. Kisha ombeni kikao cha pande zote mbili. Kisha pandeni ngazi: kutoka kartie kwenda komini, kutoka komini kwenda kwa meya. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi, peke yake au pamoja na wengine, kwa mamlaka ya umma, nayo inatakiwa kujibu ndani ya miezi 3. Na hakuna anayeweza kushtakiwa kwa kupeleka ombi hilo. Sahihi za wakazi zilizokusanywa kwa majina kamili na avenyu zina uzito kuliko kelele.

Redio ni ya mwisho, na mkiifikia, mwambieni mhusika kabla: "Kesho saa 1 jioni tutazungumzia mtaro kwenye redio, tunakualika uje ujibu." Kumshtukiza mtu hewani kunampa sababu ya kutowasikiliza tena. Kumwalika kunampa nafasi ya kuja na jibu, na wengi huja nalo.

Nanyi wa ofisini, shirika likiwakosoa kwa haki, msilipize kwa kuikalia karatasi yake au kulikatalia ukumbi. Kila shirika lingine la komini linatazama mtakavyofanya.

Kosa likiwa la shirika, tengenezeni haraka zaidi kuliko mnavyotaka ofisi ifanye. Pesa ikipungua, isemwe kwenye karatasi ile ile ya ukutani, pamoja na namna itakavyorudishwa na tarehe.

Hatua ya 9: Mkubwa anapohamishwa

Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne, na mashirika mengi yaliona watu waliowazoea na dosie walizozijenga vikitawanyika. Kuhamishwa kwa wakubwa hakujaisha, na hakutaisha. Kwa hiyo msimtegemee mtu mmoja ofisini, hata awe mwema kiasi gani. Mjueni katibu, fundi na karani wa mapokezi, maana hao hukaa muda mrefu kuliko bosi.

Mkisikia mabadiliko yanakuja, ombeni makubaliano yenu yaingizwe kwenye orodha ya dosie zinazokabidhiwa siku ya makabidhiano. Mwandikieni anayeondoka barua ya shukrani inayotaja kazi mliyofanya pamoja, na nakala yake ibaki kwenye dosie: huyo mpya ataisoma. Wiki mbili baada ya kuingia kwake, ombeni dakika 30 kama mlivyofanya mara ya kwanza, mkiwa na yule mama wa avenyu. Msimsimulie mtangulizi wake alivyokuwa mzuri, wala alivyokuwa mbaya.

Hatua ya 10: Ombeni nafasi kwenye bajeti

Baada ya msimu mmoja au miwili, kaeni pamoja mtazame mambo machache: barua zinajibiwa kwa siku ngapi sasa, ahadi ngapi za mihtasari zilitimia kwa kila upande, na je, ofisi imewahi kuwapigia simu yenyewe kabla hamjaipigia? Hilo la mwisho ndilo dalili ninayoithamini kuliko zote.

Mambo hayo yakiwa mazuri, kuna mlango mkubwa zaidi. Kule Kivu Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 2010, komini tatu za jiji la Bukavu (Ibanda, Kadutu na Bagira) zilikuwa miongoni mwa zilizojaribu bajeti shirikishi kwa msaada wa Benki ya Dunia: wakazi waliitwa kwenye mikutano, hata kwa ujumbe wa simu, wakachagua sehemu ya pesa ya uwekezaji iende wapi. Hakuna kinachozuia komini ya Lubumbashi kufanya hivyo kwa kiasi kidogo.

Mwaka wa bajeti unaanza tarehe 1 Januari, kwa hiyo pendekezo lifike komini kabla ya Septemba. Liwe la kurasa tatu: tatizo moja, ramani iliyochorwa kwa mkono pamoja na fundi wa komini, gharama zilizoulizwa kwa wauzaji wawili tofauti, kiasi ambacho wakazi watachangia kwa kazi au kwa faranga, na nakala za zile karatasi za hesabu zilizokuwa ukutani. Mkazi, mshika pesa na shefu wa kartie wazisaini zote, kila ukurasa.